Namna ya Kuzitambua na Kuzituza Programu Bora za Uraia na Uongozi wa Vijana Baada ya Masomo: Mwongozo kwa Kata na Halmashauri za Mtwara na Lindi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoombwa kuamua ni klabu gani ya vijana inastahili tuzo: Afisa Elimu Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, diwani, mwalimu mstaafu, mzazi, na kijana mwenyewe anayealikwa kuketi kwenye kamati. Unahusu programu zinazofanyika baada ya saa za masomo, Jumamosi na wakati wa likizo, ambazo lengo lake ni kumlea kijana awe raia anayejua haki na wajibu wake na kiongozi anayeweza kuaminiwa. Humo wamo Skauti, klabu za Mali Hai zinazoshughulikia uhifadhi wa mazingira, klabu za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU, mabaraza ya watoto ya kata, na vikundi vingi visivyo na jina kubwa vilivyoanzishwa na mwalimu mmoja mwenye moyo huko Nanyamba, Mangaka au Liwale.

Jambo ninalolisimamia tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: programu bora hujulikana kwa maamuzi ambayo vijana wenyewe waliyafanya, na kwa kitu kilichobadilika nje ya klabu kutokana na maamuzi hayo. Sare, nyimbo, mabango na ngonjera za kumkaribisha mgeni rasmi vinaweza kuwapo au visiwepo. Korosho ikifika ghalani ubora wake hupimwa kwa kukata sampuli na kukagua kiini, si kwa kulitazama ganda, na kamati ya tuzo haina budi kufanya vivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: Kubalianeni mnachokitambua

Kosa la kawaida ni kutoa tuzo kwa shule wakati kilichokusudiwa ni klabu, au kwa mlezi, yaani mwalimu au mtu mzima anayeisimamia klabu, wakati kilichokusudiwa ni kazi ya vijana. Shule inaweza kuwa na ufaulu mzuri wa Kidato cha Nne huku klabu zake zimelala, na mlezi anaweza kuwa mzungumzaji hodari ambaye wanachama wake hawajawahi kuendesha kikao hata kimoja. Andikeni kwenye ukurasa mmoja kwamba tuzo inatolewa kwa programu, kwamba programu ni mkusanyiko wa vijana wanaokutana kwa utaratibu unaojulikana, na kwamba lazima iwe imefanya kazi kwa angalau mwaka mmoja kamili wa masomo kabla ya kuomba.

Elezeni pia tofauti kati ya programu hizi na somo la darasani. Elimu ya uraia darasani ina muhtasari wake na mitihani yake, na mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri kwa kutaja ngazi za serikali za mitaa bila kufika hata siku moja kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji chake. Baada ya masomo ndipo anapoweza kwenda akaona jinsi ngazi hizo zinavyofanya kazi. Kwa hiyo klabu ambayo kazi yake kubwa ni masomo ya ziada ya Hisabati, hata ikiwa na manufaa makubwa, itafutiwe tuzo nyingine.

Msingi wa kisheria upo na unafaa kutajwa kwenye tangazo lenu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto katika ibara ya 12 haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inatambua haki ya mtoto kutoa maoni. Mkiutaja msingi huo, hakuna mzazi wala kiongozi atakayesema kwamba mnawafundisha watoto utovu wa adabu kwa kuwaacha waulize maswali.

Mwisho wa hatua hii, gawanyeni makundi. Klabu ya shule ya msingi isishindanishwe na ya sekondari, na kikundi cha vijana walio nje ya shule kiwe na nafasi yake. Ningependa pia klabu za visiwani na za vijiji vya mbali zisipimwe kwa mizani ileile ya fursa na klabu za Shangani, Mtwara mjini, au za Lindi mjini, kwa sababu kijana wa Songo Songo anapanda mashua kufika mahali ambapo mwenzake wa mjini anafika kwa bajaji.

Hatua ya pili: Undeni kamati inayoaminika

Watu watano hadi saba wanatosha. Wawili kati yao wawe vijana waliowahi kupitia klabu kama hizo na wasio wanachama wa klabu inayoomba, na wapewe kura sawa na wakubwa. Kijana anayeketi kwenye kamati ili apigwe picha tu ni dalili mbaya, kwa maana tutakuwa tunatafuta kwa wengine jambo ambalo wenyewe hatulitendi. Hakikisheni wanawake hawapungui nusu, na kwamba yumo angalau mtu mmoja mwenye ulemavu au anayefanya kazi na watoto wenye ulemavu.

Kila mjumbe atamke mbele ya wenzake, na iandikwe kwenye muhtasari, kama ana mtoto, ndugu au rafiki wa karibu katika klabu yoyote iliyoomba. Katika kata ndogo karibu kila mtu ni shemeji au jirani wa mwingine, kwa hiyo si lazima mtu ajiuzulu. Inatosha atoke nje wakati klabu hiyo inajadiliwa. Viongozi wa vyama vya siasa wasiwe wajumbe kwa nafasi zao za chama. Klabu ya uraia huwafundisha vijana kwamba raia hupiga kura akiwa na miaka 18 na anaweza kugombea uongozi wa kijiji au mtaa akifikisha miaka 21, lakini haiwezi kuwa tawi la chama chochote, na kamati inayoipima nayo haiwezi.

Hatua ya tatu: Wekeni masharti mawili yasiyo na mjadala

Kabla ya kutoa alama yoyote, kila programu ipite kwenye masharti mawili. Ikishindwa sharti moja, haiendelei, hata kama kazi zake zinapendeza kiasi gani.

Sharti la kwanza ni usalama wa watoto, na hapa ninaomba msilegeze hata kidogo. Ulizeni ni nani anayebaki na watoto baada ya kengele, kama mkuu wa shule na Kamati ya Shule au Bodi wanamfahamu, kama ana barua ya kibali, na kama yupo mtu mzima wa pili wakati wote. Ulizeni kikao kinamalizika saa ngapi. Binti anayeishi mwendo wa saa moja kutoka shuleni hapaswi kuondoka saa kumi na mbili jioni, kwa sababu jua la huku kwetu huzama mapema na njia za katikati ya mikorosho huwa giza haraka. Ulizeni mtoto akiumizwa au akiguswa vibaya atamwambia nani: klabu inayojali itakuwa imewafundisha wanachama namba 116 ya Simu ya Mtoto, ambayo hupigwa bila malipo, na itamjua kwa jina Afisa Ustawi wa Jamii au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aliye karibu. Wanachama watatu waliochaguliwa bila mpangilio wakishindwa kabisa kujibu swali hili, programu hiyo bado haijawa tayari kutuzwa.

Sharti la pili ni fedha. Klabu yenye shilingi elfu ishirini na daftari safi inanipa imani kuliko yenye mamilioni ya mfadhili yasiyo na risiti. Mweka hazina awe kijana, awe na uwezo wa kueleza kilichoingia na kilichotoka, na wanachama wawe wamesomewa taarifa hiyo. Angalieni pia michango: mtoto asirudishwe nyumbani wala kusimamishwa pembeni kwa kukosa mia tano ya kila wiki.

Hatua ya nne: Tengenezeni vigezo na alama zake

Ninapendekeza vigezo vinne tu vyenye jumla ya alama 100. Kamati zinazotumia vigezo ishirini huishia kuwapa watu wote alama zinazolingana, na uamuzi hurudi kwenye hisia.

Kigezo cha kwanza, chenye alama 35, ni maamuzi ya vijana. Kinachosaidia sana hapa ni ngazi ya ushiriki iliyoelezwa mwaka 1992 na mtafiti Roger Hart katika kazi aliyoifanyia UNICEF. Ngazi hiyo ina vipandio vinane. Vitatu vya chini yeye havihesabu kuwa ushiriki hata kidogo: watoto wanapotumiwa kusema mambo ya wakubwa, wanapowekwa kama pambo la shughuli, na wanapopewa nafasi ya jina tu huku hakuna anayejali wanachosema. Kuanzia kipandio cha nne mambo hubadilika: watoto wanapewa kazi lakini wanaelezwa kwa nini, kisha wanaulizwa maoni yao na kuambiwa yametumikaje, kisha jambo linaanzishwa na wakubwa lakini uamuzi unafanywa pamoja, kisha linaanzishwa na kuendeshwa na watoto wenyewe, na juu kabisa linaanzishwa na watoto, nao wanawashirikisha wakubwa katika kuamua. Kipandio hicho cha mwisho huwashangaza wengi, kwa sababu wanadhani kilele ni watoto kujitegemea kabisa bila mkubwa. Mimi nakubaliana na Hart, maana uraia ni kuishi na wengine, na kijana anayejua kumfuata mtendaji wa kijiji, kumweleza jambo na kukubaliana naye amejifunza jambo kubwa kuliko yule anayeepuka kila mtu mzima.

Chukueni shughuli tatu za klabu na muulize, kwa kila moja, nani aliyewaza, nani aliyeamua siku, nani aliyeshika fedha na nani aliyebadilisha mpango ulipokwama. Tuseme klabu imefanya usafi sokoni. Kama mwalimu aliambiwa na kata kwamba Jumamosi ni siku ya usafi naye akawaleta wanafunzi, hiyo ni huduma njema lakini alama zake ni chache. Kama wanachama walilalamikia harufu ya dampo lililo jirani na shule, wakajadili, wakachagua watatu kati yao kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wakakubaliana naye siku ya kufanya usafi na siku ambayo gari la taka litapita, basi fagio ni lilelile lakini elimu ni tofauti kabisa.

Kigezo cha pili, chenye alama 25, ni mabadiliko nje ya klabu. Msitafute mambo makubwa. Tafuteni jambo dogo linaloweza kuonyeshwa kwa kidole. Inaweza kuwa pampu ya kisima iliyotengenezwa baada ya vijana kupeleka barua kwa chombo cha watumia maji na nakala kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Inaweza kuwa taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji ambayo sasa inabandikwa kwenye ubao wa matangazo kwa sababu vijana walikwenda kuiulizia. Kisheria Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu na wajumbe wake ni wakazi wenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo wanachama wadogo hawana kura humo, lakini wanaweza kuomba kupitia kwa mwenyekiti wapewe dakika chache za kuwasilisha hoja. Klabu iliyowahi kufanya hivyo imevuka hatua ambayo watu wazima wengi hawajaivuka.

Kwa ukanda wetu kuna eneo moja ambalo ningelipa uzito wa pekee, nalo ni utoro wa msimu wa korosho. Mavuno yanapoanza Septemba na minada inapofunguliwa Oktoba, madawati huwa matupu katika vijiji vingi vya Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa, kwa kuwa mtoto anaokota au anakaa nyumbani kulea wadogo zake wakati mama yuko shambani. Klabu inayoorodhesha wasiofika, ikawatembelea wazazi wao kwa heshima, na ikakubaliana na uongozi wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kwamba jambo hilo litasemwa kwenye mkutano wa wakulima, imeushika uraia mahali unapouma. Hali kadhalika klabu inayowapeleka wanachama ghalani wajifunze jinsi mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008, unavyofanya kazi: nani anasoma mizani, makato yanaamuliwa na nani, na viongozi wa ushirika huchaguliwa vipi. Huo ndio uchumi wa nyumba zao, na wao ndio watakaouongoza.

Kigezo cha tatu, chenye alama 20, ni nani yumo na nani hayumo. Hesabuni wasichana na wavulana kwenye daftari la mahudhurio, kisha mtazame ni nani wanaoshika nafasi za mwenyekiti na mweka hazina na ni nani wanaoshika kazi ya kupika chai. Ulizeni kama wamo watoto wenye ulemavu, watoto wa familia zisizo na uwezo, na mabinti waliorudi shuleni baada ya kujifungua, jambo ambalo Serikali imeliruhusu tangu Novemba 2021. Ulizeni pia kama klabu inachukua wanafunzi waliofaulu peke yao. Nimeona klabu nyingi ambazo wanachama wake wote ni viranja, na ingawa huendeshwa vizuri, hazijamlea kiongozi yeyote mpya. Zimekusanya tu wale ambao shule ilikwisha wachagua.

Jambo jingine la huku kwetu halionekani kwenye miongozo inayotoka mbali. Katika miji na vijiji vya pwani, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Mikindani, watoto wengi huenda madrasa alasiri, na kwenye maeneo ya Ndanda na Masasi wapo wanaohudhuria mafundisho ya kipaimara. Programu bora haishindani na ustadhi wala katekista; hukaa nao, hupanga siku, na mara nyingine huwaalika wawaeleze vijana habari za uaminifu na amana. Ndivyo ilivyo pia kwa unyago na jando, ambazo familia nyingi huzipanga baada ya mavuno na wakati wa likizo. Klabu inayodharau mila itapoteza wanachama wake na imani ya wazazi wao. Klabu inayokaa na makungwi na manyakanga, yaani wakufunzi wa unyago na jando, ili wakubaliane kwamba mtoto asikose vipindi, na kwamba mafundisho yalingane na umri wake, inafanya kazi ngumu ya uongozi ambayo kamati inapaswa kuiona na kuithamini.

Kigezo cha nne, chenye alama 20, ni uendelevu. Swali kuu ni hili: mlezi akihamishwa, nini kitabaki? Walimu huhamishwa, na klabu nyingi nzuri zimekufa wiki ambayo mwalimu alipanda basi. Tafuteni katiba fupi ya klabu ambayo wanachama wanaijua, uchaguzi unaofanyika kila mwaka kwa kura ya siri, na viongozi wa zamani wanaowafundisha wapya. Klabu ambayo mwenyekiti wake ni yuleyule tangu Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ina tatizo, hata kama mwenyekiti huyo ni hodari.

Hatua ya tano: Pangeni ratiba inayofuata mwaka wa huku

Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua unaoanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili au Mei, na wakati huo barabara za vumbi za Nanyumbu, Liwale na sehemu za Kilwa hazipitiki kwa urahisi. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, Novemba kuna mtihani wa Kidato cha Nne, na katikati yake korosho imechukua kila mtu. Kwa hiyo tangazo litoke Februari, maombi yafungwe mwisho wa Machi, na ziara zifanyike Mei kabla ya likizo ya Juni, mkihakikisha haziangukii mwezi wa Ramadhani katika miaka ambayo kalenda itawapeleka huko. Tuzo zenyewe zinaweza kutolewa wiki ya tarehe 12 Agosti, Siku ya Kimataifa ya Vijana, lakini kumbukeni kwamba maafisa wengi ndio kwanza wanarudi kutoka Nane Nane pale viwanja vya Ngongo, Lindi, hivyo waandikieni mialiko mapema.

Hatua ya sita: Pokeeni maombi kwa njia nyepesi

Fomu isizidi kurasa mbili, iwe ya Kiswahili, na iruhusiwe kujazwa kwa mkono. Sehemu moja ijazwe na mlezi na nyingine na wanachama bila mlezi kuwepo. Msidai picha mnato wala video, kwa sababu mtadhani mnapima uongozi kumbe mnapima nani ana simu nzuri. Maombi yapokelewe katika ofisi za kata, na mzazi au mwanakijiji yeyote aruhusiwe kupendekeza klabu ambayo haikujiombea. Mara nyingi zilizo bora zaidi ndizo ambazo walezi wake hawana muda wa kujaza fomu.

Hatua ya saba: Fanyeni ziara

Hapa ndipo uamuzi unapozaliwa. Kama bajeti yenu inatosha jambo moja tu, iwe ni mafuta ya pikipiki ya kuwafikisha wajumbe kwenye klabu zilizobaki baada ya mchujo. Kutoka Mtwara mjini hadi Masasi ni karibu kilomita 200, kwa hiyo panga ziara kwa maeneo na uwatumie wajumbe walio jirani.

Toeni taarifa kwa mkuu wa shule kwamba mtafika ndani ya wiki fulani, lakini msitaje siku. Mkitaja siku mtakuta ngonjera. Mkifika katika siku yao ya kawaida ya kikao, ketini nyuma na mtazame kwa nusu saa bila kusema neno. Angalieni ni nani anayefungua kikao, kama muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa, na kama mtu anayepinga hoja anasikilizwa au anazomewa. Angalieni macho ya wanachama: kila swali likiulizwa, je, wanamtazama mwenyekiti wao au wanamtazama mwalimu? Mlezi mzuri huonekana ameketi pembeni, anaingilia pale tu mambo yanapokwenda kombo, na baada ya kuingilia anawarudishia kikao wenyewe.

Baada ya hapo mwombeni mlezi, kwa adabu, awaache na wanachama sita waliochaguliwa kutoka kwenye daftari, si waliochaguliwa naye, mkiwa mahali pa wazi panapoonekana na watu wengine, na wajumbe wasipungue wawili. Waulizeni jambo gani walitaka kulifanya likashindikana. Swali hili lina thamani kuliko yote, maana klabu iliyojaribu kweli lazima imewahi kukwama, na namna wanavyosimulia kukwama huko inaonyesha kama walijifunza au walilaumiana. Waulizeni ni lini mara ya mwisho walimwambia mlezi wao kwamba hawakubaliani naye, na alijibuje. Waulizeni kama wangekuja hata pasingekuwa na soda. Hili la mwisho si la kuwadhalilisha. Mtoto aliyeshinda na njaa ana haki ya kupata kitu, lakini programu inayojaa siku za posho tu na kupukutika siku nyingine haijashika mizizi.

Kisha tokeni nje ya shule. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa mkamwulize kama amewahi kupokea barua au ugeni kutoka klabu hiyo, na aionyeshe hiyo barua. Zungumzeni na mama anayeuza mihogo langoni, na dereva wa bodaboda wa kijiweni, na mzazi ambaye mtoto wake aliacha klabu. Sauti ya aliyeacha hutafutwa mara chache, nami naiona kuwa ya lazima, kwa sababu atawaambia kama aliondoka kwa shughuli za nyumbani, kwa kubaguliwa, au kwa jambo ambalo Afisa Ustawi wa Jamii anapaswa kulijua siku hiyohiyo.

Hatua ya nane: Amueni, na muandike sababu

Kila mjumbe atoe alama peke yake kwa maandishi kabla ya mazungumzo, ili mwenye sauti kubwa asiwavute wengine. Alama za mjumbe mmoja zikitofautiana na za mwenzake kwa zaidi ya 15, wawili hao waelezane walichokiona, wasilazimishwe kukubaliana. Msiogope kutotoa tuzo katika kundi ambalo hakuna aliyefikia kiwango, kwa mfano alama 60. Tuzo inayotolewa kila mwaka kwa sababu tu kombe limekwisha nunuliwa huwafundisha vijana kwamba sifa hugawiwa. Kinyume chake, klabu mbili zikistahili kweli, tambueni zote mbili.

Hatua ya tisa: Tuzo na siku ya tuzo

Cheti na ngao vina heshima yake, na vijana huvitunza. Lakini tuzo inayofaa zaidi ni ile inayoiongezea klabu nafasi ya kufanya kazi: vitabu, vifaa vya kuandikia, nauli ya kuitembelea klabu ya wilaya nyingine, safari ya Kilwa Kisiwani ambako wataona magofu yaliyo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, au nafasi ya kuwasilisha hoja yao mbele ya kikao cha Baraza la Madiwani. Ningechagua hii ya mwisho kuliko zote, na haihitaji fedha nyingi. Fedha taslimu zisikabidhiwe mtu binafsi, awe mlezi au mwenyekiti.

Siku yenyewe iendeshwe na vijana. Msiwasimamishe watoto juani kwa muda wa saa tatu wakimsubiri mgeni rasmi, wala msiwafanye wacheze sindimba kisha mkawanyima kipaza sauti. Mgeni rasmi aombwe azungumze kwa dakika kumi na asikilize kwa ishirini. Kabla ya kusambaza picha na majina ya watoto, pateni ridhaa ya mzazi au ya anayemlea mtoto nyumbani, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hatua ya kumi: Rudini kwa walioshinda na kwa wasioshinda

Ndani ya mwezi mmoja kila klabu iliyoomba ipate barua ya ukurasa mmoja inayotaja jambo moja lililofanywa vizuri, jambo moja la kurekebishwa, na alama zake kwa kila kigezo. Barua hiyo isomwe kwa wanachama, isiishie kwenye kabati la mkuu wa shule. Klabu iliyoshinda ipewe jukumu la kulea klabu moja changa ya jirani hadi mwaka unaofuata, na itembelewe tena baada ya miezi sita bila taarifa ya siku. Mkikuta kwamba mlezi amehama na vikao vimesimama, kaeni na mkuu wa shule mkatafute mlezi mwingine wiki hiyohiyo, kabla wanachama hawajatawanyika. Fomu, alama na mihtasari yote iwekwe kwenye jalada moja katika ofisi ya Afisa Maendeleo ya Jamii, ili kamati ya mwaka ujao, ambayo huenda ikawa na watu wengine kabisa, ianzie mlipofikia.